Mkono wa Wrobel

Mambo yaliharibika Jumatatu, tarehe sita Oktoba 1913, na yaliharibika kwa vicheko. Ukiwauliza watu wengine wa Lasker Falls, mji wa kiwanda cha karatasi katika jimbo la Wisconsin, watakutajia siku nyingine, ya Machi mwaka uliofuata, siku ambayo Jadwiga Zaremba alitolewa kwenye chumba cha matambara akiwa amefunikwa magunia. Mumewe Bolek hakubaliani nao. Machi alikufa, husema. Kuuawa aliuawa Oktoba, juu ya baa ya Mjerumani, na waliomuua wakaagiziwa bia.

Siku hiyo ya Oktoba palikuwa na meza ndefu na watu kumi. Watano walikuwa wa wenye viwanda vya karatasi, wakiongozwa na meneja wa kiwanda cha pale mjini, Bwana Stoddard. Watano wengine walikuwa wa wafanyakazi, wakiongozwa na Ignac Wrobel, mwenyekiti wa chama chao. Kichwani mwa meza alikaa Profesa Orrin Haskell, ambaye hakuwa upande wowote na ambaye meza ile yenyewe ilikuwa wazo lake. Jimbo lilikuwa limepitisha sheria kwamba mashine ziwe salama kwa kiasi kinachofaa. Kiasi kinachofaa ni kiasi gani, sheria haikusema. Profesa ndiye aliyewashawishi wakubwa wa jimbo kwamba hilo wasiamue wao wala majaji, bali liachiwe meza kama hizi, tajiri upande huu na mfanyakazi upande ule, wakae mpaka wakubaliane.

Bolek alikuwepo kwa sababu ya farasi wake tu. Kazi yake ilikuwa kubeba marobota ya matambara, yale yaliyosagwa kuwa karatasi, kutoka stesheni mpaka kiwandani, na siku hiyo alitumwa kupandisha ngazi kwa ngazi kizuizi cha chuma cha mfano, kile ambacho kingefungwa mbele ya mashine za kukatia matambara. Alikiweka mezani, akajipangusa jasho, akasimama mlangoni.

Ubishi ulikuwa juu ya mwanya. Mwanya ukiwa mkubwa, mkono unaingia kwenye visu. Ukiwa mdogo, matambara hayapiti na kazi inalala. Stoddard alitaka mpana. Wrobel alitaka mwembamba. Profesa, mrefu, mwembamba, mkono mmoja tumboni kwa sababu tumbo lake halikuwahi kumpa amani, akawauliza kwa sauti yake ya taratibu:

"Ninyi ndio mnaofanya kazi hii. Mnapimaje?"

"Kwa hiki hapa," alisema Wrobel, akakunja shati, akausukuma mkono wake kwenye mwanya. Ukagota kwenye vifundo.

"Sukuma, kaka! Umekula nini leo?" akapiga kelele mmoja.

"Mkono huo ukipita hapo hata ng'ombe wa mama yangu atapita," akasema mwingine, na upande wa matajiri nao ukacheka.

Basi wakapatana. Mwanya ukawa kipimo cha mkono wa Wrobel. Na kwa kuwa matajiri walikuwa wametoa kizuizi, wafanyakazi nao wakaombwa watoe kitu. Wakatoa vijiti. Wanawake wa chumba cha matambara walikuwa na vijiti vyao vya kusukumia matambara yaliyokwama, na vijiti vile vilikuwa vikivunja meno ya visu. Vikapigwa marufuku. Profesa hakuwa mtu wa kupigisha kura. Alizunguka meza, akamwuliza kila mmoja kama amekubali, na kanuni haikupita mpaka wote kumi waseme ndiyo. Wote kumi wakasema ndiyo. Bia ikaletwa.

Jioni Bolek alimsimulia mkewe. Jadwiga alikuwa anakatakata kabichi, hakuinua kichwa.

"Na mwanamke wa chumba cha matambara alikuwepo nani?"

"Hakuwepo mtu. Waliitwa wa chama."

"Chama kina mwanamke?"

"Hakina. Wanaume wa mashine kubwa tu. Hata mimi wa farasi hawanitaki."

"Ee bwana. Kwa hiyo wamekaa wanaume kumi na moja, wakanipima mimi kwa mkono wa Wrobel." Akacheka. "Haya. Angalau ni mkono uliooga."

Profesa walikuwa wanamjua. Kiangazi cha mwaka 1912 alikuwa amepanga chumba kwao wiki kadhaa, akipakia marobota pamoja na Bolek kama kibarua. Alisema huwezi kuandika juu ya kazi ambayo haijakuuma mgongo. Wengi mjini walimwona kichaa. Bolek alimpenda, na hilo ndilo linalomwuma mpaka leo, maana mtu usiyempenda hakusumbui sana akikukosea.

Kiangazi kile, mezani kwao, Profesa alikuwa akisimulia. Alizaliwa Iowa, mtoto wa mfua vyuma. Mwaka mmoja, alipokuwa mtoto, wakulima walileta ngano nyingi stesheni, na kesho yake bei ikaanguka. Akamwuliza baba yake nani kaiangusha. Baba akamjibu, soko. Basi mtoto akatoka kwenda kulitafuta hilo soko. Alizunguka mji mzima, mwisho akaingia ofisi ya ghala la nafaka, akakuta wanaume watatu wanacheza karata.

"Ndio walikuwa soko?" aliuliza Jadwiga.

"Ndio walikuwa soko, mama. Nilikuwa na umri wa miaka minane, na mengine yote niliyojifunza baadaye yamekuwa nyongeza ya hapo."

Wasomi wenzake, alieleza, waliandika juu ya bei kama watu wanavyoandika juu ya mvua. Yeye alisema bei ni mazoea, na nyuma ya mazoea kuna kanuni, na nyuma ya kanuni kuna watu waliokaa mahali fulani wakaelewana. Mwenye ghala anaweza kungoja mpaka mwakani na mkulima mwenye watoto hawezi kungoja mpaka Jumapili. Hiyo tofauti ya kungoja ndiyo inayoitwa bei, na ni sheria za watu zilizompa mmoja nguvu ya kungoja na mwingine zikamnyima. Kwa maneno hayo chuo chake cha kwanza kilimfukuza. Aliyekijengea chuo kile maktaba alikuwa mwenye reli. Haskell alikaa bila kazi, mkewe akifundisha piano ili wale, mpaka chuo kikuu cha Wisconsin kilipomchukua.

Jumapili moja Jadwiga alimpikia supu nyeusi ya damu ya bata. Bolek alipoiona alianza kucheka, Profesa akataka kujua kuna nini.

"Kwetu ng'ambo tulikotoka," Bolek alisema, "kijana akija kuposa na asipotakiwa, hafukuzwi. Anapewa supu hii. Anakula, anashukuru, anaondoka, hatorudi tena."

"Bila neno?"

"Neno la nini? Si ameiona supu."

"Na imeandikwa wapi?"

"Haijaandikwa."

"Na asipoelewa?"

"Basi ni mjinga," alisema Jadwiga, akimjazia bakuli, "na mjinga hapewi binti. Wewe kula tu, Profesa, mimi binti sina."

Profesa alikula yote, na tumbo lile, akawa na furaha kama aliyeokota kitu. Hii ndiyo, alisema, hii ndiyo taasisi. Hakuna polisi, hakuna hakimu, na kijana mzima anarudi nyumbani kwao. Watu wanadhani sheria inatengenezwa kwenye mji mkuu, kumbe kwenye mji mkuu wanafanya kuokota tu, wanachagua desturi ipi waipe nguvu na ipi waiache ife. Kazi ya msomi ni kwenda kuona watu wanafanyaje tayari, achukue lililo jema zaidi, alifanye kanuni ya wote. Bolek alielewa robo yake. Alichoelewa vizuri ni kwamba mtu mkubwa amekaa jikoni kwake na anamwuliza maswali, na anangoja jibu.

Vizuizi vilifungwa kabla ya theluji. Msimamizi alipita na gunia akakusanya vijiti. Vilikuwa vya mti mgumu, vingine vimerithiwa kwa mama, vimechongwa herufi. Vikachomwa kwenye tanuri la mvuke.

Kilichotokea Machi kinaelezeka kwa maneno machache. Matambara yalikwama, ndani yake mlikuwa na chuma cha vazi la zamani la kike la kubana kiuno. Msimamizi alikuwa anahimiza kwa sababu mashine za chini zilikuwa zinangoja. Kijiti hakikuwepo. Mwanya uliokataa mkono wa Wrobel haukukataa mkono wa Jadwiga, uliingia mpaka juu ya kiwiko, na mashine haikuwahi kuzimwa kwa wakati. Dada yake, Apolonia, alikuwa mashine ya pili.

Kanuni ile ile ilitaka kila ajali ichunguzwe na matokeo yabandikwe langoni mwa kiwanda, ili watu wajifunze. Hilo nalo lilikuwa wazo la Profesa. Tume ya jimbo iliyosimamia kanuni hizo ikachunguza, karatasi ikabandikwa. Ilisema kwamba kizuizi kilikuwa mahali pake na kilikuwa cha kipimo kilichokubaliwa, na kwamba marehemu alikiuka kanuni kwa kupitisha mkono ndani yake. Ilikaa pale, chini ya kioo. Kila siku Bolek alipita hapo na gari lake, kwenda na kurudi. Aliwakuta wasichana wapya wakisomewa na msimamizi: mmeona, huyu hakusikia.

Hilo ndilo lililomkaa kooni. Kifo alikijua, alishawazika wazazi na mtoto mchanga. Lakini Jadwiga, ambaye alikuwa akiwapigia kelele wenzake wafunge vitambaa vya nywele karibu na mkanda wa mashine, sasa amekuwa mfano wa uzembe, na atakuwa hivyo kwa wasichana ambao hawakuwahi kumwona.

Alimfuata Wrobel baa.

"Nenda ukawaambie waiondoe."

"Bolek, kaka, kaa kwanza."

"Sikai. Ni mkono wako ule."

"Nilipima kwa nia njema. Kabla ya hapo hapakuwa na kitu kabisa, umesahau? Yule wa kwa Nowicki aliyekatwa na mashine, vidole vyake viko wapi?"

"Najua vilipo. Na mkono wa mke wangu najua ulipo. Nakuuliza karatasi."

"Karatasi ni ya tume, ya watu wa mji mkuu. Mimi ni mwenyekiti wa chama tu."

"Siku ya bia ulikuwa mwenyekiti wa dunia."

Watu wakacheka kidogo. Wrobel alikuwa amekuwa mwekundu. Akasema nenda kwa Profesa wako basi, si alikula kwako.

Akaenda. Aliazima koti la shemeji yake wa kiume, akapanda treni mpaka Madison, mji mkuu wa jimbo, kwenye chuo cha Profesa, akaulizia mpaka akalikuta jengo. Profesa alikuwa anafundisha. Bolek alisimama nyuma ya chumba kilichojaa vijana, akasikia sauti ile ile ya taratibu ikieleza habari za meza zile za makubaliano. Haskell alikuwa anawaambia wanafunzi kwamba hakuna haki iliyoko angani inayongoja kushushwa. Kuna watu wanaogombania kitu na hawawezi kuachana, kwa sababu kiwanda ni kimoja na mto ni mmoja. Kinachofaa ni kile watakachokubaliana baada ya kila mmoja kusema anachokihofia. Vijana walikuwa wanaandika. Profesa alipoinua macho akamwona mtu wa farasi ukutani, alikatiza sentensi, na hakuirudia.

Ofisini alimkalisha, akafunga mlango. Hakuanza na pole za maneno mengi. Alisema ameisoma taarifa ya ajali, na tangu aisome amekuwa anaamka usiku.

"Niliuliza kila mtu aliyekuwa mezani," alisema. "Sikuuliza nani hayupo."

"Ulikaa kwangu," Bolek alisema. "Uliona kila asubuhi nani anakwenda chumba cha matambara. Uliuona mkono wake, ulikuwa unakupa supu."

Nje kengele ililia, vijana wakapita kwa kishindo.

"Unataka nini, Bolek?"

"Ile karatasi itoke langoni. Waandike hakukosea."

"Na kizuizi?"

"Kizuizi ni chako. Karatasi ni yangu."

Haki yake apewe, Profesa alifanya kazi. Mwezi wa Mei meza ilirudishwa juu ya baa ya Mjerumani, na safari hii aliwabana wa chama mpaka wakatoa kiti kimoja. Chumba cha matambara kilimchagua Apolonia. Alikuja na gauni la kanisani, akakaa kati ya Wrobel na fundi wa mashine kubwa, mikono chini ya meza. Bolek hakuwa na kiti. Alisimama mlangoni, pale pale, ila safari hii bila cha kubeba.

Profesa alieleza kwa uwazi. Mwanya upunguzwe mpaka mkono mdogo kabisa wa chumba kile usipite, na vijiti virudi, vyenye ncha ya ngozi ili visivunje visu. Kanuni iwe ya viwanda vyote vya jimbo. Halafu akasema kuna ombi la pili, kwamba tume iandike upya kuwa marehemu Jadwiga Zaremba hakukiuka chochote.

Stoddard alikuwa mtu mpole, hakuwahi kupaza sauti. Akasema la kwanza wanalikubali, hata kesho. La pili hawawezi.

"Kwa nini?" aliuliza Profesa. "Sema unachohofia."

"Nitasema. Mkiandika kwamba yule mama hakukosea, mmeandika kwamba kizuizi kilikuwa kibovu. Kizuizi kile kiko katika kila kiwanda cha kando ya mto huu. Kila aliyeumia tangu Oktoba atakwenda mahakamani, na wenzangu hawa," akawaonyesha wanne wa upande wake, "watasema meza hizi ni mtego, na hawatakaa tena. Siyo hapa tu. Popote."

"Kwa hiyo jina lake ndilo kizingiti," alisema Bolek kutoka mlangoni.

"Bwana Zaremba, mimi sina ubaya na jina la mkeo."

"Huna. Umelibandika tu chini ya kioo."

Profesa akainua mkono. Alikuwa amepauka. Alisema polepole kwamba Bwana Stoddard amesema kweli anachohofia, na kwamba yeye mwenyewe, akiwa ndiye aliyeziunda meza hizi, anahofia hicho hicho. Bila makubaliano jambo litakwenda kwa majaji. Majaji watachukua mwaka, labda miwili. Vizuizi vya zamani vitabaki mpaka hapo.

"Wewe unasemaje?" Bolek alimwuliza. "Wewe, siyo meza."

"Mimi sina sauti hapa. Niliifanya hivyo makusudi."

"Umejipangia vizuri."

Mto ulisikika chini. Profesa akaanza kuzunguka. Kanuni mpya, karatasi ibaki ilivyo: Bwana Stoddard? Ndiyo. Wanne wake, ndiyo, ndiyo, mmoja akiangalia saa. Fundi wa mashine kubwa, ndiyo. Wawili waliofuata wakasema ndiyo kwa sauti ya chini bila kumtazama Bolek. Wrobel akautazama mkono wake uliolala mezani kama kitu cha mtu mwingine, akasema ndiyo.

"Bi Apolonia?"

Kwa kanuni ya Profesa, mmoja akisema hapana, hakuna linalopita. Wote walilijua hilo, na wote walijua pia kwamba kesho alfajiri mwanamke huyu angesimama mbele ya mashine ya pili.

Apolonia aliitoa mikono chini ya meza. Ilikuwa midogo. Ilifanana na ya dada yake mpaka Bolek akatazama pembeni.

"Wenzangu wa chumbani wamenituma nilete kizuizi," alisema. "Wameniambia, usirudi bila kizuizi. Kuna binti wa miaka kumi na sita amewekwa mashine ya Jadwiga. Na mama yetu ameniambia nisirudi bila jina."

Hakuna aliyemharakisha. Profesa alikuwa amefumba macho. Stoddard alikuwa ameikunja kofia yake magotini, na kwa mara ya kwanza alionekana mtu anayengoja kitu asichoweza kukinunua.

Apolonia aligeuka kwenye kiti chake mpaka akamwona shemeji yake mlangoni, na koti lile la kuazima mabegani. Hakuwa analia. Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ambayo angemwuliza kama amefunga zizi la farasi.

"Shemeji, nisemeje?"